Digrii ya kufunza a, e, i, o, u ni ya nini?

Kuna swali ambalo huulizwa katika nyumba nyingi za mji huu, na mara nyingi huulizwa kwa kicheko. Kijana amepata alama ya C+ katika mtihani wa KCSE, jamaa wamekusanyika, chai imemiminwa, na mjomba anauliza, "Sasa wewe utasomea nini?" Kijana akisema udaktari, watu hupiga vigelegele hata kama alama zenyewe haziruhusu. Akisema uhandisi au uanasheria, mjomba hutikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini akisema anataka kwenda chuo kikuu miaka minne ili awe mwalimu wa shule ya msingi, kimya huingia. Kisha mtu mmoja, aghalabu yule asiyelipa karo, huuliza, "Digrii ya kufunza watoto a, e, i, o, u? Ya nini?"

Jumapili hii nimeonelea tulijibu swali hilo bila kucheka. Kilichonisukuma ni ugomvi wa majirani zangu wawili, mume na mke, ambao waliniomba niwe mwamuzi. Wamenipa ruhusa niwasimulieni, mradi nisiwataje majina.

Ilikuwa jioni moja ya Desemba 2022, katika mtaa wetu wa Umoja. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma hapa Eastlands. Alisomea cheti cha P1 kwa miaka miwili, na wakati huo alikuwa amefunza kwa miaka kumi na miwili, zaidi katika madarasa ya chini. Mume ana kibanda cha vipuri vya magari katika barabara ya Kirinyaga. Wana watoto watatu. Nilipoketi tu, nikawekewa mezani karatasi mbili: barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu kusomea shahada ya elimu, na fomu ya mkopo kutoka chama cha akiba cha walimu. Fomu ilikuwa haijatiwa sahihi.

"Jirani," mume akaanza, "wewe ni mtu wa gazeti, unajua mambo haya. Mwambie huyu mama watoto ukweli. Zamani mwalimu akirudi na digrii alikuwa anapeleka karatasi zake TSC, mshahara unapanda. Siku hizi hiyo haiko. Sasa tuingie deni ili iweje? Wale watoto wa gredi ya pili watajua mwalimu wao ana digrii?"

Msomaji, nitakuwa mwongo nikisema mume huyu alikuwa mjinga. Alikuwa amefanya uchunguzi wake. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi mwalimu wa shule ya msingi aliyejisomesha hadi shahada aliweza kutarajia kupandishwa daraja kwa sababu ya shahada hiyo. Ndiyo maana maelfu ya walimu waliacha likizo zao za Aprili, Agosti na Desemba, wakabeba magodoro na sufuria kwenda kusoma vyuo vikuu shule zinapofungwa. Lakini tangu miongozo mipya ya kupanda vyeo ilipoanza kutumika mwishoni mwa 2017, cheti peke yake hakimpandishi mtu. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, hutangaza nafasi, walimu huomba, na huitwa kwenye mahojiano. Mtu anaweza kurudi na shahada yake mkononi akabaki katika daraja lile lile aliloliacha.

Mume akaendelea. Karo ya kipindi kimoja cha masomo ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa mkewe wa mwezi mzima. Kila likizo mama hatakuwepo nyumbani. Watoto watapikiwa na nani? Krismasi wataenda mashambani na nani? Akamaliza, akaegemea kiti, akanitazama kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Mwalimu hakujibu kwa hasira. Alinieleza kisa cha mtoto mmoja wa darasa lake.

Mtoto huyo wa gredi ya pili alikuwa mpole na msafi, wala hakukosa shule. Siku moja mwalimu alimwita asome kwa sauti. Mtoto akasimama, akafungua kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama hata mara moja. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akasogea kumpongeza, ndipo akaona kwamba kitabu kimeshikwa juu chini. Mtoto hakuwa akisoma. Alikuwa amekariri ukurasa ule kwa kuwasikiliza wenzake, na picha ndiyo iliyomwonyesha ni ukurasa gani. Mwalimu akaandika ubaoni maneno matatu yaliyomo katika ukurasa ule ule. Mtoto hakuweza kusoma hata moja.

"Nilimrudisha kwenye silabi," mwalimu akasema. "Ba, be, bi, bo, bu. Nikambakisha jioni. Nikamketisha na anayejua. Nikamwita mama yake. Miezi sita, jirani yangu. Nilifanya kila kitu nilichofunzwa chuoni, na hakuna kilichosaidia. P1 ilinifunza kuandaa somo, kuandika ubaoni, kutunza rekodi na kutuliza watoto hamsini. Silaumu. Lakini haikunifunza nifanye nini mtoto asiposhika. Na kila mwaka wako kama hao wanne, watano. Nawapitisha tu. Nataka kujua ni kwa nini."

Mume alinyamaza. Nami nikanyamaza, kwa kuwa kesi niliyoitiwa ilikuwa ya pesa, na hii haikuwa ya pesa tena.

Kabla sijakueleza iliishaje, hebu tuangalie swali la mjomba lilitoka wapi, maana halikuzaliwa jana.

Tangu zamani nchi yetu imewapanga walimu kama ngazi, na watoto wadogo wamewekwa chini kabisa ya ngazi hiyo. Katika mwaka wa 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete kuwafunza walimu wa kuzungukia shule za vijijini. Baadaye tukawa na walimu wa P3, P2 na P1, kila mmoja kulingana na kiwango alichofikia shuleni kabla ya kwenda chuo. Vyuo kama Kagumo, Thogoto, Kilimambogo, Kaimosi, Asumbi na Shanzu vikapata sifa zake. Baada ya uhuru, kambi ya jeshi la Waingereza huko Kahawa ikageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta mwaka wa 1965, nacho kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1985. Walimu wengi wenye shahada wamepita hapo.

Lakini shahada hiyo ya elimu, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya mwalimu wa sekondari. Mtu alichagua masomo yake mawili, kwa mfano Kiswahili na Historia au Hisabati na Fizikia, akaenda kuwafunza vijana ambao tayari wanajua kusoma. Yule aliyepewa mtoto asiyejua hata kushika penseli alikuwa ndiye mwenye elimu ya chini kuliko wenzake wote. Na akitokea mwalimu wa madarasa ya chini akajisomesha, zawadi yake ilikuwa kuondolewa huko chini: alipanda kwenda sekondari, au afisi ya elimu, au chuo cha walimu. Mishahara yenyewe inasema hivyo. Mwalimu wa P1 huanzia daraja la B5, na mwenye shahada katika sekondari huanzia C2.

Mtindo huo haujaisha. Mtaala wa umilisi ulipofika gredi ya saba mwaka wa 2023 na sekondari ya chini ikawekwa ndani ya shule za msingi, TSC ilitafuta walimu wa shule za msingi wenye shahada na alama zinazohitajika za KCSE, ikawahamishia madarasa hayo ya juu. Wengi walifurahi, na nani atawalaumu? Lakini fikiria limekuwa jambo gani kwa gredi ya kwanza na ya pili. Yule mwalimu mmoja aliyekuwa amesoma zaidi ndiye aliyeondoka.

Kwa hivyo mjomba anapocheka, anarudia tu yale ambayo nchi imemfundisha: kwamba kufunza watoto wadogo ni kazi rahisi. Na hapo ndipo kosa lilipo. Kumweleza kijana wa miaka kumi na saba jambo analotaka kulijua ni kazi. Lakini kumfanya mtoto wa miaka sita atambue kwamba mchoro huu mdogo kwenye karatasi ni sauti, na kwamba sauti hizo zikiungana huwa jina la mama yake, hiyo ni kazi nyingine. Sisi tuliokwisha kujua tumesahau jinsi ilivyokuwa ngumu.

Sasa turudi Umoja. Fomu ile ilitiwa sahihi. Si kwa ajili yangu. Nadhani ni kile kitabu kilichoshikwa juu chini ndicho kilichomshinda mume. Alisema tu, "Haya, mama watoto. Lakini Krismasi utatuachia kuku." Mwalimu akaanza masomo Aprili 2023, na sasa yumo katika nusu ya mwisho. Nimekuwa nikimuuliza kila anaporudi, "Umefunzwa nini safari hii?" Hebu nikushirikishe machache, maana mengine yatakufaa hata wewe mzazi ambaye huna haja ya shahada.

La kwanza ni kwamba kusoma huanzia masikioni kabla ya kufika machoni. Mtoto lazima kwanza asikie kwamba neno linaweza kukatwa vipande. Mwambie mtoto wako apige makofi akitamka "ma-ti-ti-ti" au "ka-ra-ta-si", kofi moja kwa kila kipande. Kisha mwambie aseme "karatasi" bila "ka". Akiweza mchezo huo, silabi za ubaoni zitakuwa na mahali pa kukaa kichwani mwake. Asipoweza, unaweza kumwimbisha ba, be, bi, bo, bu mwaka mzima na zikabaki kuwa wimbo tu. Mwalimu wetu alikuwa akianzia ubaoni. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna hatua kabla ya hapo.

Tena kuna jambo la lugha. Kiswahili ni rafiki wa mtoto, kwa kuwa tunaandika karibu kama tunavyotamka: irabu ni tano, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Kiingereza hakiko hivyo. Herufi moja huwa na sauti nyingi. Mtoto wa Nairobi huanza yote mawili kwa wakati mmoja, na nyumbani anazungumza Sheng. Akisoma neno la Kiingereza kwa sauti za Kiswahili, wengi wetu humwita mzito. Kumbe amefuata sheria aliyofunzwa saa iliyotangulia. Mwalimu anayelijua hilo humwonyesha kwamba hapa sheria ni nyingine. Asiyelijua hutia alama ya mkasi.

La pili ni masikio yenyewe. Watoto wengi wadogo hupata maradhi ya sikio la kati. Usaha hutoka, au maji hujaa nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu makubwa, na mtoto husikia kama mtu aliyezama majini. Leo anasikia vizuri, kesho hasikii. Nyumbani huitwa mkaidi, shuleni huitwa mjinga. Mwalimu alifunzwa jaribio jepesi: simama nyuma ya mtoto, hatua moja tu, ili asione midomo yako. Mzibie sikio moja kwa kidole, mnong'onezee maneno machache, na umwombe ayarudie. Kisha sikio la pili. Akishindwa, mpeleke hospitalini akachunguzwe. Nchi hii pia ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kama EARC, ambavyo vilianzishwa mwaka wa 1984. Wazazi wengi hawajui kwamba vipo, na hata walimu wengine.

La tatu ni kwamba kosa la mtoto huwa na maana. Chuoni wanasoma kazi za Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyeishi kati ya 1896 na 1980. Mojawapo ya majaribio yake unaweza kulifanya leo baada ya chakula cha mchana. Chukua gilasi mbili zinazofanana, ujaze maji sawasawa, na mtoto wa miaka minne au mitano akubali kwamba ni sawa. Kisha mimina maji ya gilasi moja katika gilasi nyembamba na ndefu, mbele ya macho yake. Muulize ni wapi kuna maji mengi. Huenda akakwambia ni katika ile ndefu. Usimcheke wala usimkaripie. Akili yake bado inashika jambo moja kwa wakati mmoja, nalo ni urefu. Akifika miaka saba au minane atakushangaa kwa kumuuliza swali la kipumbavu. Sasa fikiria mwalimu anayemlazimisha mtoto wa hatua ile hesabu za hatua hii, tena kwa kiboko, ambacho sheria zetu zimekipiga marufuku.

Wanasoma pia kuhusu Lev Vygotsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1896 na kufariki mwaka wa 1934. Yeye aliona kwamba jambo ambalo mtoto analiweza leo kwa kusaidiwa, kesho ataliweza peke yake. Kwa hivyo kazi ya mwalimu ni kujua asaidie kiasi gani, na aache lini. Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini hawakutwambia kwamba ukimkunja kwa nguvu atavunjika.

Mbali na hayo kuna masomo ya kupima na kutathmini, elimu ya watoto wenye ulemavu, mazoezi ya kufunza, na mradi wa utafiti. Mradi wa mwalimu wetu unahusu watoto wanaokariri badala ya kusoma. Hilo halikunishangaza.

Je, yote yalikuwa matamu? La hasha. Usije ukaenda ukidhani chuo kikuu ni pepo. Ameketi katika kumbi ambamo mwalimu aliye nyuma hasikii kitu. Amefunzwa na mhadhiri aliyesoma maandishi ya zamani neno kwa neno kisha akaondoka. Ameona wenzake wakinunua insha na miradi iliyoandikwa na watu wengine, wakapata alama, wakarudi darasani vile walivyokwenda. Shahada ya namna hiyo, msomaji, ndiyo ile mume aliyoiogopa: deni na karatasi. Elimu ni bahari, lakini kuna wanaosimama ufuoni wakapigwa picha.

Na mshahara? Haujabadilika hata senti kwa sababu ya masomo. Mkopo wa chama unakatwa kila mwezi. Mama mzazi wa mume amekuja mara kadhaa kukaa na wajukuu, na kitinda mimba aliwahi kumuuliza mama yake kama anaishi chuoni. Siku ile mwalimu alikuja kwangu akalia kidogo, kisha akarudi kusoma.

Lakini sikiliza hili. Mwaka jana, katika darasa lake, kulikuwa na msichana ambaye hakushika kitu. Mwalimu alisimama nyuma yake, akanong'oneza. Msichana hakugeuka wala hakujibu. Aliitwa mzazi, wakaenda hospitalini, sikio likatibiwa, na mwalimu akamhamishia kiti cha mbele. Hakuwa wa kwanza darasani mwisho wa mwaka. Lakini alisoma, kitabu kikiwa kimeshikwa sawasawa.

Nikamuuliza mwalimu, "Na yule wa kwanza, yule mvulana?" Akatazama chini. Mvulana yule alikuwa amehamishwa kwao Busia kabla mwalimu hajamaliza hata mwaka wa kwanza wa masomo. Aliondoka akiwa hajui kusoma. "Sikuwahi kusimama nyuma yake," akaniambia. "Sijui kama lilikuwa ni sikio ama ni kitu kingine. Sitajua kamwe. Nilimweka miezi sita, na sikuwahi kusimama nyuma yake."

Hilo, msomaji, ndilo jibu langu kwa mjomba. Digrii ya kufunza a, e, i, o, u ni ya yule mtoto ambaye a, e, i, o, u haziingii. Watoto thelathini katika darasa watajua kusoma hata mwalimu akiwa wa kawaida. Shida ni wale wanne au watano ambao hawatajua asipopatikana mtu wa kujua ni kwa nini. Na huenda mmoja wao ni wako.

Nchi nyingine zimelifikiria jambo hili. Huko Ufini, tangu miaka ya mwisho ya 1970, mwalimu wa darasa la kwanza husomea hadi shahada ya uzamili. Majirani zetu wa Uganda, katika sera yao ya walimu ya 2019, waliamua kwamba mwalimu wa kila kiwango, hata wa chekechea, aelekee kuwa na shahada. Sisi hapa tuliacha kuwasajili wanafunzi wapya wa P1, na mwaka wa 2021 vyuo vya walimu vikaanza diploma ya miaka mitatu. Ni hatua, na si ndogo. Lakini hakuna sera itakayosaidia iwapo kila anayesoma zaidi atahamishwa mbali na watoto wadogo, au ikiwa nyumbani tutaendelea kucheka.

Sasa nimgeukie kijana aliye na C+ yake na mjomba wake. Nina ushauri wa mambo manne.

Mosi, soma jina la kozi kabla ya kulipa hata shilingi. Shahada ya elimu ya shule za msingi au ya watoto wadogo si sawa na shahada ya elimu ya sekondari. Ile ya sekondari hudai uwe na alama nzuri katika masomo mawili utakayofunza. Kila moja hufungua mlango wake, na wengi wamegundua wamesimama mbele ya mlango usio wao baada ya miaka minne. Uliza TSC wenyewe kama watakusajili kwa kozi hiyo, na kwa kazi gani.

Pili, hakikisha kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Jengo zuri la mjini na tangazo la rangi si idhini.

Tatu, piga hesabu ya pesa pamoja na wazazi. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ipo tangu 1995, lakini mkopo ni deni, na utalilipa kwa mshahara wa mwalimu wa msingi na si wa rubani. Kama karo haipatikani, diploma ya chuo cha walimu si aibu. Unaweza kuanza nayo, ukafunza, ukaenda chuo kikuu baadaye ukiwa na maswali yako mwenyewe, kama alivyofanya jirani yangu. Mimi pia nina diploma, ya uandishi, na sijaona mtu akirudisha gazeti kwa sababu hiyo.

Nne, na hili ndilo kubwa, nenda ukakae wiki moja katika darasa la gredi ya kwanza. Omba mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe. Futa kamasi, funga kamba za viatu, sikiliza hadithi isiyo na mwisho kuhusu paka. Tazama mtoto mmoja akitambua jina lake lililoandikwa kwa mara ya kwanza. Kama jambo hilo halikugusi, chagua kazi nyingine bila kujilaumu, maana mchagua jembe si mkulima, lakini hata mkulima hana haja ya kwenda shamba asilolipenda. Kama linakugusa, basi mwache mjomba acheke hadi chai ipoe.

Nawe mzazi, kazi yako ni ndogo lakini ina uzito. Kijana wako akisema anataka kuwafunza watoto wadogo, usimuulize kama alikosa alama za kozi nyingine. Na siku ya mkutano wa wazazi, usipite darasa la gredi ya pili mbio mbio ukikimbilia kumwona mwalimu wa gredi ya tisa.

Kuhusu majirani zangu, nilipita kwao Jumapili iliyopita jioni. Mume alikuwa ameketi sakafuni na kisu, akikata katoni za vipuri kuwa vipande vidogo vya mraba. Mwalimu alikuwa akiandika silabi juu yake kwa kalamu nene, moja kwa kila kipande. Nikamuuliza mume kama amebadili mawazo kuhusu lile deni.

"Deni ni deni," akanijibu bila kuinua macho. "Shika hivi vya 'ka' uvipange, usikae bure."

Nikashika.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.